Kipande cha Mathayo, Mkono wa Simeoni

Simeoni Kitundu wa Kinyangiri alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na nalisema hilo mapema ili msomaji asikae akingojea shujaa. Alikuwa na mke mmoja, Elina, watoto wanne, mbuzi saba, shamba la mtama na uwele, na kaka aliyemzidi miaka sita, aitwaye Mathayo. Hakuwahi kumshitaki mtu wala kushitakiwa. Korti aliijua kama anavyoijua bahari, kwa kusikia tu, na laiti angeachwa hivyo hivyo mpaka kufa kwake.

Mwaka wa hamsini na nne, Waingereza wakiwa bado ndio watawala, kulikuwa na mgodi mdogo wa dhahabu huko vilimani, mwendo wa nusu siku kutoka Kinyangiri. Mwenyewe alikuwa Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kiko, kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni hata akigomba. Wanaume wengi wa Iramba walikwenda kuchimba pale katika miezi ambayo mashamba yamelala. Malipo yalikuwa ya kipande. Hicho kilikuwa kadi ya karatasi ngumu yenye jina la mtu na vyumba thelathini. Kila siku uliyofanya kazi karani alitia alama katika chumba kimoja, na vikijaa vyote ndipo unalipwa. Lakini Bwana Kiko alikuwa na kanuni yake. Vyumba visipojaa ndani ya siku arobaini na mbili, kipande kimekufa, na siku zote ulizokwisha kutoa jasho unalipwa nusu.

Sasa, mtu ni mtu. Ataugua, atafiwa, ng'ombe wake watapotea, mke wake atajifungua. Kwa hiyo watu walikuwa na dawa yao. Mwenye kipande akipata dharura, ndugu yake aliingia mgodini badala yake, akaitika jina lake asubuhi, akafanya kazi yake, na alama zikaendelea kujaa. Hiyo waliiita kushikiana kipande. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Kama mdogo wako anaweza kukulimia shamba na kukusimamia posa ya binti yako ukiwa safarini, kuna ajabu gani akikubebea mawe? Karani alijua. Wanyapara walijua, na kuku wawili watatu walihama kutoka ua wa mtu kwenda ua wa mnyapara ili mambo yapite kimya kimya. Bwana Kiko peke yake ndiye aliyekuwa hajui, au ndivyo alivyosema baadaye.

Kipande cha Mathayo kilikuwa na alama ishirini na saba habari ilipokuja kwamba baba mkwe wake amefariki huko Mgori. Mkwe asiyetia udongo kwenye kaburi la baba mkwe wake ajue kwamba mkewe atasimangwa kwao mpaka azeeke. Na zilikuwa zimebaki siku tano tu kipande kife.

"Mdogo wangu, nishikie kipande," Mathayo alisema, mzigo wake ukiwa tayari begani. "Ni siku tatu tu."

"Kazike, kaka," Simeoni akajibu. "Alfajiri nitakuwa pale."

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili, ile ya alama ya ishirini na tisa, karani aliita "Mathayo Kitundu!" na Simeoni akaitika "Naam!" kama alivyoitika jana yake, na alama ikatiwa. Kiasi cha saa nne asubuhi mkanda wa mashine ya kusaga mawe ukaanza kuteleza. Ulikuwa mkanda mrefu wa ngozi, umechakaa, na dawa yake ilikuwa kuizima mashine kwanza. Lakini kuizima na kuiwasha tena kulichukua karibu saa nzima, na Bwana Kiko alihesabu mashine iliyonyamaza kuwa ni wizi. Basi mnyapara, Antipasi Msengi, akapaza sauti juu ya kelele zile: "Wewe Simeoni! Chukua mti uurudishe huo mkanda!" Alimwita Simeoni, si Mathayo. Alikuwa amemwoa binamu ya Elina, walikuwa wameitana shemeji kwa miaka minane, angemwitaje vingine? Simeoni akachukua mti. Mti ukakatika, mkanda ukamvuta, na mkono wake wa kulia ukaingia mahali ambapo mawe yalikuwa yakisagwa.

Yaliyofuata sitayaeleza. Inatosha kusema kwamba Antipasi ndiye aliyevua shati lake akalifunga lile jeraha, na ndiye aliyepanda naye lori mpaka hospitali, akiwa kifua wazi, akilia na kurudiarudia, "Usife, shemeji, nakuomba usife." Simeoni hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki saba, mkono ukiishia juu kidogo ya kifundo.

Watu walipokuja kumpa pole walimkuta amekaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hapiti. Aliona haya. Mzee akimjia na kunyoosha mkono, yeye ampe nini? Mkubwa hapewi mkono wa kushoto, hata mtoto anajua. Chakula nacho kikawa balaa. Siku za mwanzo alikaa na watoto kwenye sinia moja kama zamani, akachovya ugali kwa kushoto, nao wakajitahidi kutotazama, wakatazama. Siku ya nne akamwambia Elina amtilie chake kwenye bakuli peke yake. Elina akamtilia.

Lakini haya ni aibu tu, na aibu mtu huizoea. Lililomkosesha usingizi lilikuwa jembe. Jembe lina mpini mmoja na linataka mikono miwili. Alijaribu. Alijifunga mpini kwa kamba kwenye kile kigutu, akainua, akapiga, jeraha likafumuka, damu ikamwagika kwenye tuta. Elina alimkuta amepiga magoti shambani anamtukana Mungu kwa Kinyiramba, naye alikuwa mtu wa kanisani asiyekosa Jumapili. Mke mmoja, watoto wadogo, shamba la watu wawili. Kila mtu aliweza kupiga hesabu hiyo. Mwaka mmoja wangekula mbuzi, mwaka wa pili wangekula mbegu.

Ndipo mwalimu wa shule ya misheni alipomwambia Mathayo kwamba serikali imeleta sheria: mfanyakazi akiumia kazini, mwenye kazi hulipa. Mathayo, ambaye tangu arudi Mgori alikuwa hawezi kumtazama mdogo wake usoni, aliruka kama aliyemwagiwa maji. Waliuza mbuzi wawili, wakapanda lori, wakaenda Singida kwa mzee Mohamedi.

Mzee Mohamedi alikuwa mwandishi wa barua. Baba yake Mnyamwezi, mama yake mtu wa Pangani, na yeye mwenyewe alizaliwa Singida nyuma ya duka la nguo ambalo sasa lilikuwa la ndugu zake. Alikaa barazani na mashine yake ya chapa, akiwaandikia watu maombi, malalamiko na barua za posa. Aliwahi kuwa karani wa mahakama miaka kumi na mmoja, kisha akagombana na mkubwa wake.

"Shikamoo, mzee Mohamedi."

"Marahaba. Kaeni. Nionyeshe huo mkono."

Simeoni akaufunua. Mzee akautazama kama fundi anavyotazama kiti kilichovunjika, bila kuguna.

"Nisikilize, mwanangu, maana wengi hapa ndipo wanapopotea. Korti haitakulipa kwa sababu umeumia. Ukianguka mwembeni kwako, unaumia vilevile, na hakuna anayekulipa. Itakulipa kwa sababu uliumia ukiwa mtumishi wa mtu, katika kazi yake, kwa ajili ya kazi yake. Maumivu yako hayapimwi pale. Usiende ukalie mbele ya hakimu."

"Sitalia."

"Mkanda ulikushika ukiwa kazini au ukiwa unapita?"

"Kazini. Niliagizwa."

"Si kwamba ulikuwa umelewa, au umekatazwa ukashupaa?"

"Niliagizwa na mnyapara mwenyewe."

"Vizuri. Na mgodi wanajua kwamba kuna mtu aliumia? Maana wakisema hawakupewa habari mapema, nalo ni shimo."

Mathayo akadakia: "Lori lao ndilo lililompeleka hospitali."

"Vizuri sana. Daktari ataandika umepungukiwa kiasi gani katika mia. Kiganja cha kulia, nimeona wakiandika sitini. Kisha wanachukua mshahara wa miezi arobaini na minane, wanakulipa sitini katika kila mia." Akaandika kidogo kwenye karatasi, midomo ikichezacheza. "Kwa shilingi thelathini za mwezi, ni mia nane sitini na nne."

Simeoni aliona, kama mtu aonavyo kitu kilichowekwa mbele yake, maksai wawili na plau. Mwenye mkono mmoja hawezi jembe, lakini anaweza kuongoza maksai, na Elina akashika plau. Watu wa Kinyangiri wachache walikuwa wameanza kulima hivyo. Kwa pesa hiyo angenunua maksai, plau na minyororo, na bado ingebaki ya chakula cha kuwafikisha mavuno. Hakuwaza utajiri. Aliwaza kusimama tena shambani kwake kama mtu mwenye shamba.

"Haya, kipande chako," mzee Mohamedi akasema, akinyoosha mkono.

Mathayo akakitoa. Mzee akakisoma, akamtazama Simeoni, akakisoma tena. "Mathayo ni nani?"

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Lahaula," akasema. "Mmeniletea watu wawili, mmoja ana mkataba na hana jeraha, mwingine ana jeraha na hana mkataba. Mngekuwa mtu mmoja ningewaandikia leo na mngelipwa kabla ya masika."

Mzee akainama mbele, akapunguza sauti. "Mkataba wa mgodi umetiwa alama ya dole gumba la mkono gani?"

"Wa kulia," Mathayo akasema.

"Wa kulia." Mzee akakitazama kile kigutu. "Basi ni nani duniani atakayekwambia wewe si Mathayo? Mimi sikusema neno. Nimeuliza tu."

Usiku wa siku ile walilala kwa mtu wa kwao hapo Singida, na Mathayo hakumwacha mdogo wake apumzike. Alikuwa tayari kwa lolote. Angekwenda Mbulu akae mwaka mzima kwa rafiki yake, angelipa kodi kwa jina la Simeoni, angeitwa Simeoni hata na watoto wake mwenyewe ikibidi. "Siku ile ilikuwa zamu yangu," alisema. "Mkono ungekuwa wangu. Chukua jina, mdogo wangu, nakuomba. Jina ni kitu gani?"

Simeoni akakataa. Sababu ya kwanza aliyoitoa ni kiapo. Angeshika Biblia akasema yeye ni Mathayo, na Mungu amemwacha hai kwa kitu gani, ili aje kumwongopea? Ilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa peke yake, na kwa kuwa namjua nitaisema ya pili ambayo hakuisema. Alitaka mkono wake ulipwe kwa jina lake. Alikwisha kuitikia jina la mwingine, na aliona yaliyomkuta. Kiburi kidogo, cha mtu maskini, nani atamlaumu? Mimi namlaumu. Nimemlaumu mara nyingi, na bado sijui kama ningefanya vingine.

Mzee Mohamedi alipoambiwa asubuhi hakubishana. "Basi imebaki njia moja, na ni njia ya halali," akasema. "Kama mnyapara alijua kwamba ni wewe, akakupokea, akakupa kazi, basi mgodi umekuajiri kwa mdomo wake, kipande kiseme kisemavyo. Mnyapara ni mkono wa Bwana wake. Lakini lazima aseme mwenyewe, mbele ya hakimu, 'Nilijua.' Neno hilo moja. Atasema?"

"Ni shemeji yangu," Simeoni akajibu. "Alinifunga kwa shati lake."

Simeoni, Mathayo na Elina walimwendea Antipasi nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada. Aliwapokea kwa mikono miwili, akachinja jogoo, akamkatia Simeoni nyama vipande vidogo vidogo bila kuombwa. Walipomaliza kula wakamweleza.

"Kweli si kitu cha kuombwa, shemeji," Antipasi akasema. "Nilikuita kwa jina lako. Nikiulizwa nitasema."

Simeoni alirudi nyumbani siku ile akimtania Elina njiani, jambo alilokuwa hajalifanya tangu aumie. Alimwuliza maksai atawaita majina gani. Elina akasema mmoja ataitwa Bwana Kiko, ili apate kumchapa. Walicheka mpaka wakasimama barabarani, na nayaandika haya kwa sababu ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia katika habari zao.

Shauri lilisikilizwa Singida mwezi wa Novemba, mbele ya hakimu Mzungu aliyekuja toka Dodoma kila baada ya muda kusikiliza mashauri makubwa. Hakuwa mtu mbaya. Heri angekuwa mbaya, tungepata wa kumchukia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua, aliyeandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Kiko alikuja na wakili, mtu mpole wa sauti ya chini. Simeoni hakuwa na wakili. Alikuwa na karatasi za mzee Mohamedi.

"Inua mkono wa kulia," mkalimani akasema kwa mazoea, macho yakiwa kwenye Biblia. Simeoni akauinua. Mkalimani alipouona akamwomba auteremshe, akampa Biblia aishike kwa kushoto.

Mambo yalianza kwenda vizuri. Daktari alikuwa ameandika sitini katika mia, kama mzee alivyosema. Wakili hakubisha kwamba mkanda ni wa mgodi, wala kwamba jeraha lilipatikana pale, wala kwamba habari zilitolewa mapema. Kila alipokubali jambo Simeoni aliona maksai wakisogea hatua moja. Kisha wakili akachukua kipande.

"Hili ni jina la nani?"

"La kaka yangu."

"Asubuhi ile karani alipoliita, nani aliitika?"

"Mimi."

"Ulimwambia karani kwamba wewe si Mathayo?"

"Karani alinijua. Sote twajuana. Ndivyo tunavyofanya, tunashikiana."

Mkalimani alihangaika na neno hilo. Alilisema kwa Kiingereza mara ya kwanza, hakimu akauliza, akalisema tena kwa urefu, hakimu akaandika. Karani wa mgodi hakuwepo wa kuulizwa; alikuwa amekwenda kwao Kigoma na hajulikani aliko. Mathayo alipanda kizimbani akaapa kwamba ni yeye aliyempa mdogo wake kipande. Wakili akamwuliza swali moja tu.

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Mgori, msibani."

"Kwa hiyo hujui mnyapara alijua nini siku hiyo."

"Antipasi anajua! Mwulizeni Antipasi!"

Wakamwita. Aliingia amevaa kanzu safi, akala kiapo vizuri, akasimama akitazama mahali kati ya meza ya hakimu na ukuta. Hakumtazama Simeoni.

"Unamfahamu mtu huyu?" hakimu akauliza kwa mdomo wa mkalimani.

"Namfahamu. Ni wa kwetu."

"Siku ya ajali, kabla ya ajali, ulijua kwamba yeye ndiye anayefanya kazi kwa kipande cha ndugu yake?"

Antipasi akajipangusa midomo. "Watu ni mia moja arobaini, Bwana. Wote wana vumbi. Majina ni kazi ya karani."

"Jibu swali. Ulijua?"

"Sikujua."

Simeoni alisimama. Askari akamkalisha. Akasimama tena, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Shemeji, uliniita jina langu! Uliniita Simeoni!" Hakimu akagonga meza, akamwuliza Antipasi kama ni kweli. Antipasi akasema kelele za mashine zilikuwa nyingi, huenda aliita mtu mwingine. Na lile shati? Hakimu mwenyewe ndiye aliyeuliza, nadhani alitaka kupata pa kushika. Antipasi akajibu kwamba alimfunga baada ya kumwona amelala chini, kama mtu yeyote angemfunga, na hapo ndipo alipomtambua. Alipotoka kizimbani alipita karibu kiasi cha kugusana, na Simeoni akamsikia akihema kama aliyepanda kilima.

Juma moja kabla ya siku ile Bwana Kiko alikuwa amemwita Antipasi ofisini, akamwambia kwamba mnyapara anayeingiza watu wa vipande vya wengine huyo hana kazi, na huenda akapelekwa polisi. Antipasi alikuwa na watoto saba. Nalieleza hili kwa sababu ni kweli, simtetei. Nani hana watoto?

Hukumu ilisomwa siku ya pili yake. Hakimu aliisoma polepole, akingoja mkalimani. Alisema anaamini kwamba Simeoni aliumia, aliumia pale, na kwa mashine ile. Alisema anamhurumia. Lakini sheria humlipa mfanyakazi, na mfanyakazi ni yule aliye na mapatano na mwenye kazi. Mapatano yaliyopo yalikuwa na Mathayo. Kama mnyapara angejua, uamuzi wa korti ungekuwa mwingine. Kuna neno la mdai na neno la mnyapara, na mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Mdai mwenyewe amekubali kwamba aliitikia jina lisilo lake. Dai limekataliwa. Korti haikumtoza gharama, kwa kumwonea huruma.

Mkalimani alimaliza. Simeoni alibaki amesimama, akingoja sehemu iliyobaki, mpaka askari alipomgusa bega.

Nje, mzee Mohamedi alizungumza habari za rufaa, siku thelathini, Daressalaam. Kisha akanyamaza mwenyewe, kwa kuwa rufaa ingesoma maneno yale yale ya Antipasi. Mathayo alikaa chini vumbini mbele ya watu wote, mtu mzima na mvi zake, akafunika uso.

"Ungelichukua," alikuwa akisema. "Nilikupa, mdogo wangu. Ungelichukua."

Ndani ya Simeoni kulikuwa kumekauka. Alikuwa amesema kweli kwa sababu aliogopa kiapo, na amemwona mtu mwingine akila kiapo kile kile kwenye Biblia ile ile, akarudi kwake salama kwa lori la mgodi. Laiti wangemwita mwongo, alifikiri, maana mwongo walau ni mtu aliyekuwapo.

Alifika Kinyangiri kesho yake saa tisa alasiri. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha akiwa safarini, na Elina alikuwa shambani, akichimba mashimo ya mtama peke yake, sketi imeloa tope mpaka magotini. Alimwona kwa mbali, akasimama, akaegemea jembe.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Kazini. Siku ile. Wamesema aliyekuwepo ni Mathayo."

Elina alimtazama usoni, kisha akautazama mkono, kisha akalitazama shamba lililobaki, ambalo lilikuwa karibu lote. Mwisho akainama, akaokota kibuyu cha mbegu, akampa.

"Basi tia mbegu," akasema. "Mimi nachimba."

Kutia mbegu ni kazi ya watoto. Simeoni akakifunga kibuyu kiunoni, akaanza kufuata mashimo, akichota kwa kushoto. Kushoto hakukuwa kumezoea kuhesabu. Mbegu zilimponyoka kumi, kumi na tano, ishirini katika shimo linalotaka tano, naye akafukia kwa mguu na kusonga mbele, kwa kuwa angalau alikuwa akisonga. Alikwenda hivyo mstari mzima. Kisha hakusikia tena jembe la Elina, akageuka. Alimwona amechutama nyuma kabisa, kwenye mashimo aliyokwisha kuyafukia, anayafukua moja moja kwa vidole, anatoa mbegu zilizozidi na kuzitia mfukoni, polepole, ili yeye asisikie. Simeoni akakifungua kibuyu kiunoni, akakiweka chini, akaenda zake nyumbani.